Kamera Aliyonikataza Papa Foto

Alikuwa akipima kamera kwa sikio. Ukimletea yako, hakusoma jina lililoandikwa mbele wala kuuliza imetoka nchi gani. Aliifungua mgongo ahakikishe haina filamu, akaisogeza karibu na sikio la kushoto, akafumba macho, akabonyeza. Akabadili kasi, akabonyeza tena. Studio yake ilikuwa chumba kimoja na nusu kando ya barabara inayoshuka kwenda Shituru, na wakati huo wateja waliokuwa benchini walijua kwamba hata kukohoa hakuruhusiwi. Kisha alifumbua macho na kutoa hukumu:

"Hii inachelewa kidogo. Lakini inachelewa kila mara sawasawa. Muntu wa vile unaweza kuishi naye."

Tulimwita Papa Foto, watoto na wazee, hata padri alipotangaza baada ya misa kwamba picha za komunyo ziko tayari. Jina la kwenye kitambulisho bila shaka alikuwa nalo, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia, na mimi sitakuwa wa kwanza. Nilimjua tangu nilipokuwa na kimo cha benchi lake hadi nilipokuwa mtu mzima mwenye shahada na asiye na kazi.

Studio nyingine za mji wetu, Likasi, zilikuwa na bustani zilizochorwa ukutani, au ndege, au ngazi za jumba la kifahari. Yake ilikuwa na kiwanda. Mchoraji wa mabango alikuwa amemchorea kwenye kitambaa mitambo ya shaba ya Shituru, na mabomba yake marefu yakitoa moshi mweupe. Miaka ambayo kiwanda kilifanya kazi mchana na usiku, hakuna aliyekitaka kitambaa hicho. Watu walisema, "Papa Foto, tunatoka kule sasa hivi, utuwekee kitu ingine," naye akashusha pazia la buluu. Kisha mabomba ya kweli yakaanza kunyamaza, moja baada ya jingine. Mishahara ikawa unga, halafu ikawa ahadi ya unga, na watu wakaanza kuomba wakae mbele ya moshi. Baba wa familia alivaa ovaroli safi iliyopigwa pasi, mke upande mmoja, watoto wakapangwa kwa urefu. Papa Foto hakucheka. Alimwita tena mchoraji aongeze moshi, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umefifia.

Kamera yake ilikuwa ya macho mawili, jicho la juu la kutazamia na la chini la kupigia. Ilining'inia kifuani kwa ukanda wa ngozi, na unaitazama kwa juu, kama mtu anayechungulia kisima. Kwa hiyo, ili akupige picha, ilimbidi akuinamie. Jambo hilo alikuwa amelifikiria sana.

"Ile ya kuweka ku jicho, unamulenga muntu sawa unataka kumupiga risasi," aliniambia. "Hii yangu inamusalimia kwanza."

Mkanda wa filamu wa kamera hiyo ulibeba picha kumi na mbili tu. Ubatizo mmoja, Jumapili moja, mkanda umekwisha. Jumatatu anaosha, Jumanne unapata. Na kila picha kwenye mkanda huo ilikuwa kubwa vya kutosha kulazwa moja kwa moja juu ya karatasi, bila mashine ya kukuza. Umeme ulipoanza kukatika siku tatu, siku nne, wapiga picha wengine walikaa vibarazani wakililaani giza. Yeye aliingia chumba cha nyuma mchana kweupe, akafungua kidirisha kidogo alichokitoboa mwenyewe ukutani, akahesabu hadi nne kwa Kifaransa, akakifunga. Picha tayari kwa kuoshwa. Maji aliyachota mapema kwa ndoo, nayo aliyatumia kwa uchungu zaidi kuliko mafuta ya kula.

Alikuwa bahili wa vitu na mkarimu wa muda. Kipande cha karatasi kisichozidi upana wa kidole hakukitupa. Alikitumia kujaribia mwanga. Lakini angeweza kutumia saa nzima kumngoja mtoto aache kulia, akiwa amesimama vilevile, ameinama. Kanisani hakukaa kwenye viti. Alisimama nyuma, mikono mgongoni, na nilidhani anasali hadi nilipomsikia akinong'ona wakati wa mahubiri, "Sasa jua inaingia dirisha ya tatu."

Tena alikuwa mkweli kiasi cha kuudhi. Alimwambia bibi harusi, mbele ya mashangazi zake wote, kwamba poda imezidi na anafanana na mtu aliyeanguka ndani ya unga. Lakini baada ya uporaji wa wanajeshi, miaka ile maduka yalipobaki na milango tu, askari walianza kuja studio wakidai kupigwa picha bure, na filamu ilikuwa adimu kama dawa. Aliwapanga vizuri, aliwanyoosha kola, aliwainamia, akabonyeza. Kamera ilikuwa tupu. Mmoja alirudi mara tatu.

"Iko wapi foto yangu?"

"Imeungua, chef. Jua ya leo ilikuwa kali sana."

"Ya juzi nayo ulisema imeungua!"

"Juzi nayo kulikuwa jua, chef."

Askari alipoondoka nilimuuliza kama haogopi kusema uongo, au bongo kama tusemavyo kwetu, mtu kama yeye. Alifikiri.

"Kwa muntu mwenye bunduki haiko bongo," alisema. "Iko hali ya hewa."

Nilicheka siku ile. Baadaye nililifikiria sana jibu hilo, kwa sababu mimi ni mtu wa kufikiria mambo hadi yaharibike. Nasema hivyo bila kujisifu. Nilirudi kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi na shahada ya utawala, mwaka ambao hapakuwa na ofisi ya kutawala. Kampuni ya shaba haikuajiri, walimu hawakulipwa. Nikaamua kuwa mpiga picha, kwa kuwa watu walioa na kufa hata bila mishahara. Kuamua huko kulinichukua miezi mitano. Kuchagua kamera ya kwanza kulikuwa kazi nyingine.

Nilikuwa na daftari lenye safu nilizochora kwa rula: uzito, kasi, lenzi, betri, vipuri, na ya mwisho, mashaka. Safu ya mashaka ndiyo iliyokuwa pana.

Kamera zilizopatikana zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mgeni wa misheni ya Kapolowe aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa refleksi ya kisasa, yenye kioo ndani, unaona kupitia lenzi ileile inayopiga. Ilikuja na lenzi mbili, ilijipimia mwanga yenyewe, ilibeba picha thelathini na sita, na ungeweza kuitilia filamu ya rangi. Mwalimu hakutaka pesa, kwa kuwa pesa ya siku zile ilioza ikiwa mfukoni. Alitaka cherehani, awaachie wasichana wa darasa la ushonaji. Ya pili ilikuwa ya mjane mmoja wa Kamatanda, iliyoachwa na mumewe aliyekuwa mpima ardhi: ya macho mawili, kuukuu, dada wa ile ya Papa Foto. Mjane alitaka magunia mawili ya mahindi, na mjomba wangu alikuwa mkulima.

Cherehani alikuwa nayo mama yangu. Ndiyo iliyokuwa ikitulisha tangu baba alipofariki.

Nilipomweleza, aliendelea kukanyaga hadi mwisho wa mshono, kisha akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Ukisema ile ya Kapolowe iko ya lazima, uchukue mashini," alisema. "Lakini hapana kuniambia pengine. Mashini yangu haitatoka juu ya pengine."

Mwalimu alinikopesha kamera yake siku mbili. Niliipeleka moja kwa moja kwa Papa Foto, nikamweleza pia kuhusu ya Kamatanda. Aliisikiliza ile ya kisasa kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akisikiliza kamera yoyote. Alipitia kasi zote, akarudia. Akaiweka jichoni, akautazama mlango, akanitazama mimi, akazungusha lenzi polepole. Hatimaye aliilaza mezani kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

"Iko mashini ya kweli," alisema.

"Basi niichukue?"

"Hapana."

"Juu ya nini, Papa?"

Alichukua kitambaa akaanza kuifuta meza, na meza ilikuwa safi.

"Foto thelathini na sita, nani atakumalizia? Mama wa komunyo atangojea mupaka muntu mwingine aoe? Rangi wanaosha wapi? Lubumbashi. Utapeleka na nini? Na lori. Na betri ya hii, umeiona mu soko gani? Uende Kamatanda. Uchukue ya mujane. Mama yako abakie na mashini yake."

Yalikuwa maneno mazuri, na mtu mwingine angeyashukuru. Mimi nilikwenda nayo nyumbani nikayaweka katika safu ya mashaka. Kwa nini hakunitazama usoni? Kwa nini anisukume kwenye kamera ya zamani? Likasi ilikuwa na mpiga picha mmoja wa kuheshimiwa, nikaandika; wa pili akiwa na rangi na lenzi mbili, huyo wa kwanza atabaki na nani? Kadiri nilivyoandika ndivyo ilivyoonekana wazi. Siku ya pili jioni nilimwambia mama, "Iko ya lazima."

Hakuuliza tena. Alichomoa sindano kutoka kwenye cherehani, akaichoma kwenye ukosi wa nguo yake, akanisaidia kuibeba hadi kwenye lori la Kapolowe.

Mkanda wangu wa kwanza niliununua kwa muuza duka mmoja Mwislamu, ambaye watu wake walitoka mashariki, na aliyeleta bidhaa kutoka Zambia. Nilitaka kuutumia kwa uangalifu. Picha thelathini na sita ni nyingi. Kwa hiyo niliugawa kwa familia tatu. Kumi na mbili za komunyo ya kwanza, kumi na mbili za harusi, na kumi na mbili za kilio cha fundi mmoja wa mitambo wa Shituru, ambaye mkewe alitaka amwone mara ya mwisho akiwa amelala kwa amani, amevaa shati jeupe. Ilichukua wiki tatu kuujaza. Pale kwenye kilio kihesabio cha kamera kilifika thelathini na sita, nikasukuma mkono wa kuvutia filamu, kikakubali. Thelathini na saba. Nane. Nilikuwa nimesikia kwamba ipo mikanda inayotoa ziada, na mtu aliyezoea kupimiwa kila kitu hukipokea kilichozidi bila kuuliza. Nilifurahi. Nikaendelea kuwapigia wafiwa picha za bure.

Kilipofika arobaini na moja niliacha kubonyeza. Nikaifungua kamera chini ya koti. Ulimi wa filamu ulikuwa palepale nilipouweka wiki tatu zilizopita, haujashikwa na jino hata moja. Kamera ilikuwa imezunguka bure. Katika komunyo, katika harusi na mbele ya yule marehemu, nilikuwa nimebonyeza kama Papa Foto alivyowabonyezea askari, tofauti ni kwamba mimi sikujua.

Nilikwenda kwake kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Nilikuwa nimejiandaa kwa sentensi moja, ile ambayo kila mtu huisema: nilikuambia. Nilikuwa nimeandaa hata jibu lake. Hakuisema. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, sikio la kushoto mbele, kisha akauliza:

"Nani alikufa?"

Nikamwambia.

"Ule wa mustachi?" alisema, akipitisha kidole juu ya mdomo. "Alikaaka nyuma ya kituo ya treni?"

"Njo ule."

Aliingia chumba cha nyuma, akashusha makopo ya maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na vibahasha alivyovikata kutoka kwenye fomu za zamani za kampuni, vimepangwa kwa mitaa. Picha ya kila mtu aliyewahi kukaa mbele yake ilikuwa mle. Kabla ya saa kwisha alikuwa na filamu ndogo mkononi, aliyompigia fundi yule miaka mingi nyuma kwa ajili ya kitambulisho. Akaitazama mbele ya dirisha. Akachukua karatasi nzima, si kipande. Akahesabu hadi nne.

"Upeleke weye," alisema picha ilipokauka. "Na hapana kusema imeungua. Sema ukweli ku mulango, mbele hawajakupatia kiti."

Nilisema mlangoni. Mjane wa fundi aliipokea picha ile. Alimwita binti yake aje aone.

"Huyu ni yeye wa zamani, mbele ya kukohoa," alisema.

Hakunipa kiti, na nilimshukuru kwa hilo. Wale wa harusi walivaa tena, wakicheka na kunitukana kwa zamu. Shemeji mmoja alisema kwamba kwa sababu yangu bwana harusi ameoa mara mbili mke yuleyule. Mama wa mtoto wa komunyo amekataa kuniona hadi leo.

Baada ya hapo Papa Foto alinifundisha, bila mimi kuomba na bila yeye kutangaza. Alinifundisha kuikata filamu gizani vipande vya picha kumi na mbili, kuosha nyeusi na nyeupe nyumbani, kusikiliza kamera ikivuta. Betri ilikufa baada ya miezi minne na, kama alivyosema, sikuipata nyingine. Nikajifunza kupima mwanga kwa kuutazama mkono wangu. Filamu moja ya rangi ilipotea na lori la Lubumbashi, kama alivyosema. Nilipata kazi, ndogondogo, tukala. Mama alishona kwa mkono. Mashuka, viraka, sare za shule za jirani. Kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku tatu, na vidole vyake vya mkono wa kulia vikaanza kujikunja. Hakuwahi kusema lolote kuhusu cherehani. Mimi pia sikuwahi kusema lolote.

Kilichonitafuna zaidi ni ile safu ya mashaka. Mtu alinipa ushauri wa kweli, mimi nikamshuku kwamba anaogopa wateja wake, na mama akapoteza cherehani yake kwa sababu ya shaka langu. Kila aliponionyesha jambo jipya nilijiona mdogo zaidi. Mara kadhaa nilitaka kumwomba msamaha, lakini ningemwomba msamaha kwa kitu ambacho hakujua, na hapo ningekuwa nimempa sumu ambayo hajainywa. Hivyo ndivyo ninavyofikiri. Miaka ikapita.

Mara ya mwisho nilimwona mahali panapopakiwa malori, karibu na soko, mchana. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu na binti yake alikuwa amemwita akaishi naye Kolwezi. Alikuwa ameketi juu ya sanduku la bati, kofia magotini. Nilimsalimia, akageuza sikio.

"Ni weye?"

"Njo miye, Papa."

"Ikala hapa. Lori haijajaa."

Niliketi. Aliuliza habari za kazi, kisha akawa anapapasa kingo za kofia.

"Ile apareyi ya mwalimu wa Kapolowe," alisema. "Alikuya nayo kwangu kwanza. Mbele yako. Nilikosa mashini ya kushona ya kumupatia."

Aliigeuza kofia magotini.

"Halafu ukakuya nayo weye. Mutoto wa univerisite, na rangi, na lenzi mbili. Nikajisemea, huyu atanimaliza. Nilikuogopa. Njo maana nilisema uache."

"Lakini ulisema kweli, Papa. Betri, Lubumbashi, ile thelathini na sita. Byote bilitokea."

"Bilikuwa bya kweli. Lakini nilibisema juu ya woga. Kama haingekuwa woga, sijue kama ningebisema."

Kwa hiyo nilikuwa nimemsoma sawasawa, miaka ile yote. Ningetegemea kufurahi, au angalau kupumua. Badala yake nilihisi hasira, ya kwanza niliyowahi kuwa nayo juu yake, na nikaongea kabla sijaipima.

"Ungeniambia byote mbili siku ile, ningekuamini. Ungesema: ninakuogopa, na tena hii apareyi haiko ya Likasi. Niliona umeficha moja, nikakataa na ingine."

Vijana wa kupakia walikuwa wakirusha magunia, dereva akapiga honi kuwaita abiria. Nilimsaidia kusimama, mkono wake ulikuwa mwepesi. Alipofika kwenye hatua ya lori aligeuka, akainama kidogo, kuelekea mahali alipodhani uso wangu ulipo.

"Unipelekee mama pole," alisema. "Juu ya mashini."

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani. Mama alikuwa kwenye kizingiti, akipinda shuka la mtu. Nilichuchumaa mbele yake, nikamweleza nilikutana na nani na amesema nini, nikampa ile pole neno kwa neno kama nilivyopewa. Aliitikia kwa kichwa, akavuta uzi, akangoja, kwa maana nilikuwa bado nimechuchumaa. Ndipo nikampa ya kwangu.